Bonasi ya miezi mitatu: MSWAKI! Tena wa mtoto!

Nnaandika haya nimo kwenye daladala ya Bububu, mikono inanitetemeka. Tajiri wetu mnamjua, yule wa kliniki ya meno yenye bango la jino linalocheka. Sitaji jina. Mnamjua.

Miezi mitatu nyuma katukusanya pale wanapokaa wagonjwa, kafunga mlango, akatwambia: "Makusanyo yakipita lengo, kila mmoja ana fungu lake. Wasaidizi, mapokezi, hata bibi wa usafi." Wallahi tulipata nguvu mpya. Dada wa mapokezi kapigia wagonjwa kuwakumbusha miadi mpaka watu wakaifungia namba yetu. Mie vifaa naosha, nafunga, natia kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 134, nikitoa tu mgonjwa mwengine kishakaa kitini mdomo wazi. Mpira wa kunyonya mate nimeushika mpaka usiku nalala vidole vimejikunja vile vile. Na lengo tumelipita. Daftari nimeliona kwa macho yangu!

Leo kaja na bahasha. Nene, ngumu. Naipapasa, nasema moyoni hizi noti zimekunjwa kwa urefu. Nishawaza ada ya skuli ya mwanangu, nishawaza deni la dukani Fuoni. Nafungua: mswaki. MSWAKI! Mdogo, wa mtoto, mpini una bata. Na pakiti imeandikwa "sampuli, hauuzwi". Hata kununua hakununua!

Namuuliza, "Bosi, na lile fungu?" Ati, "Bili zimepita lengo, pesa taslimu hazijapita. Za bima bado hazijaingia." Mbona siku ile hukusema za bima hazihesabiwi? Na mbona daktari asilimia yake anaichukua kila mwezi, bima ilipe isilipe? Mtu ana meno 32, yote namulikia taa mie, mwisho napewa bata.

Bata, jamani.

Mkunazini Kwetu: Bata wa rangi gani?

Shoga wa Amani: Pole mwaya. Huyo ndo zake. Mie siku natoka kwake nlipewa chupa ya dawa ya kusukutulia. Nusu.

Msaidizi Mstaafu: Shukuruni hajaanza kulipa kwa jino. Nilikokuwa mie daktari alipewa chake kwa kila jino analong'oa. Jino la kuziba, linang'olewa. La kutibiwa mzizi, linang'olewa. Watu waliingia kuuliza bei wakatoka na pamba mdomoni.

Mvuvi wa Nungwi: Nyie mna mswaki. Hotelini kwetu tipu zote zinatiwa sanduku moja, ufunguo anao meneja. Meneja kanunua Vespa.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mswaki. Una BATA.

Mwana wa Wete: Hamjaona shida. Sie wachumaji karafuu tunalipwa kwa pishi. Unapanda mkarafuu tangu alfajiri, siafu wanakutafuna, ukishuka mwenye shamba anatoa pishi lake mwenyewe, halijai ng'o.

Mkunazini Kwetu: Pishi si vibaba vinne?

Mwana wa Wete: Vinne huko kwenu Unguja. La huyu linakula sita.

Chake Moja: Uongo! Shamba hilo nimechuma, ni vitano. Na wewe ukimtilia makonyo, vile vijiti vya karafuu, humo ndani unataka akupimie vipi?

Mwana wa Wete: Nani katia makonyo? Weye mtoto wa nani?

Mleta uzi: Hivi kuna mtu amesoma nlichoandika?

Shoga wa Amani: Karafuu kavu au mbichi?

Chake Moja: Mbichi. Kavu inakwenda kwa kilo, nani apime pishi?

Mvuvi wa Nungwi: Na hiyo Vespa ni nyekundu, anapita nayo mbele yetu kila jioni.