Naomba ushauri: gari la umeme likipata apdeti, tukague nini kwanza?

Wakuu, naomba utaratibu wa kukagua usalama wa gari la umeme kila programu yake inapobadilishwa. Kinachonitia hofu zaidi ni breki ya mota, yaani mota kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Apdeti ikipunguza nguvu yake, mguu uliozoea kuachia pedali ya mwendo ili gari lipunguze mwendo unakuta gari linazidi kuserereka. Hutokea pia betri ikiwa imejaa 100% au ina baridi kali, maana haiwezi kupokea umeme mwingi. Nafikiria kupima hivi: uwanja mtupu, kilomita 40 kwa saa, kuachia pedali mara 3 chaji ikiwa 60%, kisha 100%, na mtu asimame pembeni aangalie taa za breki zinawaka lini. Inatosha?

Halafu swichi za waipa zikihamishiwa kwenye skrini: kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 za kutafuta alama yake ni mita 44 bila kutazama barabara. Hili ni la hatari kweli. Mnaziweka kwenye kitufe cha usukani?

Na vitasa vya umeme vya milango vinaweza kugoma betri ndogo ya volti 12 ikifa. Abiria wa nyuma mnawaonyeshaje pa kuvuta kwa mkono?