Mjadala: Pampu za maji za Bukavu ziongozwe kwa kadi ya simu au kwa redio ya mtambo wenyewe?

Mleta mada: Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), maji husukumwa hadi kwenye matangi ya vilimani, na pampu iliyo chini haiwezi kujua kwamba tangi limejaa mpaka iambiwe. Baadhi ya mafundi wanataka habari hiyo ipite kwenye mtandao wa simu. Mimi nataka redio iliyo mali ya mtambo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ujumbe mfupi ukafuata, na zikapita karibu siku 20 kabla ya kurudishwa. Mtambo uliotegemea njia hiyo pekee ulibaki kiziwi, hata kama pampu, vali na betri vyote vilikuwa vizima. Habari yenyewe ni ndogo, yaani kina cha maji na hali ya vali, hivyo redio ya biti 9,600 kwa sekunde inatosha kabisa.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, umesahau vilima. Redio ya UHF, yaani ya masafa ya juu sana, inataka antena zionane, na kila mgongo unaozuia unadai mnara wa kupokezana mawimbi, pamoja na sola, betri na mlinzi wa usiku, maana betri isiyo na mlinzi haikai. Tena masafa yanaombewa kibali ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, na kibali kinalipiwa. Kadi inawekwa leo na kazi inaanza leo.

Mleta mada: Kuhusu mlinzi nakubali. Lakini niliwahi kuitwa alfajiri kwenye tangi lililomwagika usiku kucha, maji yamechimba njia ya miguu hadi mizizi ya mwavokado imebaki nje. Tulikagua kihisi, kizima, antena, nzima. Kumbe kadi ilikuwa imeishiwa yunite, yaani salio! Kadi ipeleke takwimu za matumizi ofisini. Amri ya kusimamisha pampu ipite redioni, na pampu isipopata habari kwa dakika 10, ijizime.

Mchangiaji wa pili: Ijizime? Basi siku redio ikikatika, akina mama wataamka kwenda ziwani na madumu, katika jimbo ambalo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Afadhali tangi liwe na vali ya boya, na chini kuwe na swichi ya mgandamizo: boya likiifunga vali, mgandamizo unapanda bombani na pampu inazimwa palepale, bila kadi wala redio, kwa kuwa bomba lenyewe limepeleka habari.

Mleta mada: Hilo linafaa pale ambapo bomba halijatobolewa njiani. Mtaani kwetu limetobolewa na kila mwenye shida ya maji, kwa hiyo sijui kama mgandamizo utafika hata siku moja kwenye kipimo cha kuizima hiyo swichi.