Kano ya bega imekatika kazini: nipasuliwe au mazoezi yatatosha?

Fundi Rangi Tegeta
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi rangi, miaka 47. Mwezi uliopita nikiwa napaka dari ya ukumbi, ubao wa jukwaa uliteleza, nikadaka bomba kwa mkono wa kulia. Chini sikufika, ila bega lililia kama kitambaa kinachanwa. Tangu siku hiyo mkono haupandi. Brashi usawa wa kiuno nashika vizuri, usawa wa bega mkono unagoma. Usiku ndiyo balaa, na shati navalishwa na mke wangu. Eksirei ilionyesha mfupa uko salama, nikapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Juzi nimepigwa altrasaundi, majibu yanasema kano ya juu ya bega, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, imekatika yote. Waliopitia hili, inaunga kwa mazoezi au ni kisu? Kazi yangu yote ni mkono kuwa juu, na watoto wanasoma.

Mzee wa Korogwe
Pole sana mwanangu. Mimi nina miaka 71, bega la kushoto niliambiwa limechanika, na sikuanguka popote. Nilipelekwa mazoezi hospitali, leo napalilia mahindi. Usikimbilie kisu. Tafuta na mtu akuchue kwa mafuta ya nyonyo.

Dada wa Mazoezi Tiba, Mwanza
Shikamoo mzee, nimefurahi bega lako limekubali. Ila la fundi ni jingine kabisa. Lako lilichakaa taratibu kwa umri, misuli ya jirani ikazoea kubeba mzigo. Wapo wazee wengi wenye kano zilizochanika na hawaumwi hata kidogo. La fundi limekatika ghafla.

Kaka, bega limeshikwa na misuli minne, na kano zake zimejishikiza kwenye kichwa cha mfupa wa mkono. Hiyo ya juu ndiyo inayosaidia mkono kuanza kupanda. Ikikatika yote haijiungi yenyewe. Msuli huivuta ndani, na miezi ikipita msuli unasinyaa na kuingia mafuta. Ukichelewa sana, daktari anafungua anakuta kano haifiki tena kwenye mfupa. Kwa umri wako na kazi yako, nakuomba umuone bingwa wa mifupa ndani ya wiki hii. Huenda akataka MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, aone kano imerudi nyuma kiasi gani. Kuchuliwa kwa nguvu acha kabisa.

Wakati unasubiri, usiufunge mkono shingoni kutwa nzima, bega litaganda, hasa kama una kisukari. Inama, egemea meza kwa mkono usioumwa, huo unaouma uache uning'inie na uuzungushe polepole. Usiku lala chali, weka mto chini ya kiwiko.

Fundi Rangi Tegeta
Asante sana dada. Kisukari sina. Kuna mtu kaniambia nichome sindano ya bega nirudi kazini. Na nikipasuliwa nitakaa nje muda gani?

Dada wa Mazoezi Tiba, Mwanza
Sindano ya steroidi inatuliza maumivu, kano haiungi. Tena ikichomwa karibu na upasuaji inaongeza hatari ya maambukizi, kwa hiyo usichome kabla bingwa hajakuona. Upasuaji siku hizi mara nyingi ni wa matundu madogo na kamera. Baada ya hapo mkono unakaa kwenye kitambaa cha kufunga shingoni wiki 4 hadi 6, na huruhusiwi kuuinua mwenyewe hata kama hauumi. Hapo ndipo wengi wanaikata tena kano. Mazoezi ya kuvuta mpira ni kuanzia kama mwezi wa 3. Dari, hesabu miezi 6 au zaidi. Kama unavuta sigara, acha leo, inachelewesha kano kushika.

Msimamizi wa Saiti
Fundi, kama uliajiriwa na mkandarasi, mwambie apeleke taarifa ya ajali WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Matibabu ya ajali ya kazini yamo humo.

Fundi Rangi Tegeta
Mkandarasi nimeshampigia, kesho tunajaza fomu. Bingwa namuona Alhamisi, nitaleta majibu ya MRI hapa.