Mjadala: Kompyuta za vyama vya ushirika zizimwe kache ya diski, hata kama zitakuwa nzito?

Mleta mada, Tabora mjini

Wakuu, msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, kilo za mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge huingizwa kwenye kompyuta ya chama chake cha msingi. Kilo hizo ndizo zinazolipa deni lake la pembejeo, na kinachobaki ndicho anachokwenda nacho nyumbani. Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kazi, kila mtu pale mezani huuliza, "Imesevu?" Programu ilishajibu kwamba imesevu. Ninachosema ni kwamba kwenye kompyuta nyingi jibu hilo halina dhamana, na kwa hesabu za watu tusilikubali.

Niwaeleze linavyotokea. Muamala unapokamilika, hifadhidata, yaani programu inayotunza rekodi, huuandika kwanza kwenye logi ya mabadiliko, kisha huuomba mfumo endeshi uhakikishe maandishi hayo yamefika kwenye diski. Lakini diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ndani, kache, ambayo hupokea maandishi na kujibu "tayari" kabla hayajagusa sahani, yaani pale data inapotunzwa hasa. Umeme ukienda hapo, kilichokuwa kwenye kache kimekwenda.

Kupoteza muamala wa mwisho ni hasara ndogo katika haya. Kubwa ni kwamba diski hujipangia yenyewe kipi kiandikwe kwanza. Kurasa za hesabu, yaani vipande ambavyo hifadhidata hugawia faili lake, zinaweza kuandikwa kabla ya logi inayozieleza, au ukurasa mmoja ukaandikwa nusu. PostgreSQL, mojawapo ya hifadhidata hizo, hutumia kurasa za kilobaiti 8, ilhali diski huandika kwa vipande vidogo zaidi, sekta, vya baiti 512 au 4,096. Baada ya hapo faili linaweza kukataa kufunguka, na heri likatae, kwa sababu linaweza pia kufunguka likiwa na hesabu zisizolingana na mtu asijue hadi siku ya malipo.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji utaalamu mkubwa. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kama kila muamala unasubiri kweli uandikwe kwenye sahani, mtumiaji mmoja hawezi kukamilisha zaidi ya kama 120 kwa sekunde. Endesha pg_test_fsync, kifaa kinachokuja na PostgreSQL. Ukiona maelfu kwa sekunde kwenye diski ya namna hiyo, maandishi yanaishia kwenye kache.

Sasa nani anapima mitumba 120 ya tumbaku kwa sekunde? Kasi tunayoinunua kwa kuhatarisha rekodi hatuitumii hata kidogo. Zizimwe.

Fundi kompyuta, Mwanga, Kigoma

Mkuu, nakupinga. Sisi Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, kwa hiyo kukatika kwa umeme si habari mpya kwetu. Dawa yake ni UPS nzuri, ile betri inayoshika kompyuta umeme ukienda, na inverta. Ukizima kache unaadhibu mashine nzima: ripoti za mwisho wa mwezi, kunakili faili za akiba, kila kitu. Halafu kwenye mfumo endeshi wa Linux, mipangilio ya faili ya ext4 na XFS huiamuru diski imwage kache yake hifadhidata inapoomba hivyo, na diski inayotii amri hiyo haina haja ya kuzimwa. Unazima kitu ambacho kimeshatibiwa.

Mleta mada

Kwa Linux nakubaliana nawe, kwa sharti hilohilo ulilolitaja: diski itii. Lakini ofisi zetu hazitumii Linux peke yake. Kwenye macOS, mfumo endeshi wa kompyuta za Apple, ombi la kawaida, fsync, halilazimishi maandishi kuvuka kache ya diski. Inahitajika amri nyingine iitwayo F_FULLFSYNC, na kwenye PostgreSQL inabidi uchague fsync_writethrough. Kwenye Windows, fungua sifa za diski, ukurasa wa sera: kuna visanduku viwili. Cha kwanza huwasha kache. Cha pili huizuia Windows kuiamuru diski imwage kache hiyo, na kuna watu wanakitia tiki kwa ajili ya kasi tu. Kompyuta ya chama isikutwe na tiki hiyo kamwe.

UPS naitaka pia, ila inalinda dhidi ya TANESCO tu. Power supply ikiungua ndani ya mashine, au mtu akijikwaa kwenye waya kati ya UPS na kompyuta, haisaidii. Na betri huzeeka kimyakimya.

Karani, Urambo

Samahani wakubwa. Sisi tuna hifadhidata ya MySQL, na fundi alituwekea mpangilio wa innodb_flush_log_at_trx_commit kuwa 2 ili iwe nyepesi. Ndilo jambo hilohilo?

Mleta mada

Hapana dada, ila ni ndugu yake. Kwa kawaida huwa 1. Ikiwa 2, muamala hukabidhiwa kwa mfumo endeshi papo hapo, lakini husukumwa kwenye diski kama mara moja kwa sekunde. Umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya karibu sekunde moja, bila faili kuharibika, mradi diski inatii. Hasara hiyo ina mpaka unaojulikana. Hata hivyo mkulima aliyepewa stakabadhi ndani ya sekunde hiyo ana karatasi ambayo mashine haiitambui. Irudisheni 1. Na wenye PostgreSQL, fsync isizimwe kamwe, kwa sababu hapo faili lenyewe ndilo liko hatarini.

Fundi kompyuta, Mwanga, Kigoma

Kwa diski za sahani umenishawishi. Anayetumia Linux atoe amri hdparm -W 0, na aiweke ijirudie kila mashine inapowaka, maana diski nyingi huisahau. Kwa SSD, diski zisizo na sahani, bado nabisha. Ukizima kache yake inakuwa nzito mno na inaweza kuchakaa haraka, kwa sababu inalazimika kuandika vipande vidogovidogo. Chama kinunue SSD za seva zenye kapasita ndani, ambazo hubaki na umeme wa kutosha kumalizia kuandika kilichomo kwenye kache. Bei yake ni kubwa, na bodi za vyama ninazozijua huuliza ukubwa wa diski tu. Sharti la kapasita liandikwe kwenye zabuni, kabla ya ukubwa.

Mleta mada

Kwa hilo la zabuni niko nawe. Ila hadi SSD hizo zifike, kompyuta zilizopo zifanyweje msimu huu?