Coco Beach: iwekwe kiingilio ili mchanga usafishwe, au ibaki bure na hatari zake?

MLETA MADA:
Wakuu habari za jioni. Naleta hii tuichambue kwa hoja, matusi tuyaache nje. Kuna hoja inazunguka sana mjini kwamba Coco, ufukwe wetu wa Oysterbay hapa Dar, ipigwe uzio, geti moja, watu walipe hata buku mbili, hela isafishe mchanga na kulipa waokoaji. Mi napinga, ila kwanza tukubaliane hali ilivyo.

Mchanga wa Coco sa hivi sio wa kumuacha mtoto atembee peku. Juu unaona safi, chimba na kidole tu unatoa kijiti cha mshikaki, kisoda, kipande cha chupa, mfupa wa kuku, na kule upande wa mabanda kuna mkaa unamwagwa usiku watu wakifunga biashara, unafukiwa na mchanga kidogo, asubuhi juu jivu limepoa chini bado moto. Hapo sijagusa vipande vya matumbawe ambavyo ni asili ya pale, manake Oysterbay yote imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, maji yakitoka unauona umelala wazi na madimbwi yake na mashimo yake, maji yakijaa huoni kitu. Ndo hapo watu wanapopotelea. Mtu kaja na jinzi yake, kuogelea hajui, maji yako magotini anapiga picha, anarudi nyuma hatua mbili kaingia shimoni.

Sasa niambieni, geti la buku mbili linamtoaje huyo kwenye shimo?

MKAZI WA TEGETA:
Linamtoa hivi mkuu: geti lina hela, hela inaajiri mtu wa kukaa na filimbi. Kitu cha bure hakina mwenyewe, ndo maana pamekuwa jalala. Mbona kisiwani Bongoyo mnalipa boti na kiingilio cha hifadhi, Kigamboni huko bichi karibu zote mnalipa, na hamlalamiki? Na kule mchanga ni safi kama sakafu ya plaza. Tuache unafiki bana.

MTU WA MBAGALA:
Hamlalamiki kina nani kaka? Sisi huko hatuendi ndo maana hujatusikia. Mi na mama watoto na wanne nyumbani, hapo ni daladala mbili kwenda mbili kurudi, afu geti buku mbili kichwa, tushaingia elfu kumi na mbili hatujala hata muhogo. Coco ndo bahari ya mtu asiye na hela kwa mji mzima huu, ukiweka geti umetuambia tubaki Mbagala tuangalie bahari kwenye simu.

MKAZI WA TEGETA:
Basi watoto wasilipe. Tatizo dogo hilo.

MLETA MADA:
Leo hawalipi, mwaka wa pili tenda kapewa mtu, mwaka wa tatu kuna ukumbi wa harusi na sehemu ya vip, hii filamu tushaiona kwenye viwanja vya wazi vingapi Dar. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, huo uzio na hilo geti mtalijenga wapi, barabarani Toure Drive?

MVUVI WA MSASANI:
Nyote mnabishana geti, hamna aliyezungumzia maji yenyewe. Niwaambie kitu ambacho wazee wa Msasani wanakijua na huyo mwenye filimbi hatakijua kama hajazaliwa pwani.

Idd el Fitr ni tarehe mosi ya mwezi wa Kiislamu, si ndio? Tarehe mosi maana yake mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama tu maji yanaingia bamvua, yaani yanajaa sana na kukauka sana. Kwa hiyo kila Idd ndogo, iangukie Machi iangukie Desemba, bahari iko bamvua, haijawahi kukosea tangu dunia iumbwe. Na bamvua la Dar lina ratiba yake, maji yanakauka mida ya saa nne tano asubuhi yanajaa saa kumi kumi na moja jioni, na tofauti ya kukauka na kujaa inapita mita 3, yaani pale uliposimama mkavu asubuhi, jioni mtu mzima anazama na mkono juu. Sasa angalieni watu wanatoka nyumbani saa ngapi siku ya Idd. Wameswali, wamekula pilau, wanafika Coco saa saba saa nane, maji ndo yanapanda kwa kasi. Wanaona pako chini wanaingia. Mtu wa bara haoni kinachopanda, anaona mawimbi tu.

Idd kubwa ni tarehe kumi ya mwezi, hiyo iko karibu na maji mafu, yaani maji yanapanda na kushuka kidogo tu, bahari haina fujo sana. Krismasi na mwaka mpya inategemea mwezi umeangukia wapi. Vyote hivi vinajulikana mwaka mzima kabla, kitabu cha maji kinachapishwa. Kibao kimoja tu pale kwenye maegesho, leo maji yanajaa saa fulani, ukifika saa tisa toka nje. Hicho nacho kinataka geti?

MKAZI WA TEGETA:
Mzee hapo nimekuelewa, sikuwahi kuiunganisha Idd na bamvua. Ila kibao nani atasoma? Watu wamekuja kula bata. Bado unataka mtu wa kuwatoa kwa lazima, na mtu anakula mshahara.

MTANZANIA DURBAN:
Wakuu mi niko Durban miaka kidogo. Fukwe za mjini huku ni bure, hakuna geti, na waokoaji wapo wanalipwa na jiji, wanachomeka bendera nyekundu na njano, unaogelea katikati ya bendera mbili, nje ya hapo unapigiwa filimbi, ikiwekwa nyekundu tupu hakuna kuingia. Na mchanga wao pia haujitoshelezi, mdomo wa bandari unauzuia usipite kwa hiyo wanaupampu kwa mabomba kuupeleka fukweni. Hela inatoka kwenye kodi na biashara zinazokula kwa sababu ya bichi. Kwa hiyo bure na salama vinakaa pamoja, msiambiwe haiwezekani. Sema na wao wana balaa lao, mvua kubwa ikipiga mifumo ya majitaka inafumuka wanafunga fukwe.

MDAU WA UPANGA:
Hapo kwenye majitaka ndo penyewe. Mnaongelea visoda, hamuongelei Msimbazi. Mto unatoka vilima vya Pugu huko, unapita Vingunguti, unapita Jangwani, unabeba kila tulichotupa, unamwagika baharini pale daraja la Selander, yaani simama juu ya daraja la Tanzanite kipindi cha masika uangalie maji yalivyo kahawia, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma mkondo unasukuma kaskazini, ambako ndo Coco. Hata ufagie kila asubuhi, kesho bahari inakuletea chupa za plastiki na nepi za watoto wa wilaya tatu. Kinondoni watakusanya kiingilio kusafisha uchafu wa Ilala na Ubungo?

FUNDI UJENZI:
Suluhisho simpo, chukueni malori, mwageni mchanga mweupe mpya juu ya huo mbovu, kwisha habari.

MVUVI WA MSASANI:
Mwanangu huo mchanga wa malori unatoka wapi? Mitoni. Kunduchi bahari imekula ufukwe miaka na miaka, majengo yaliyokuwa mbali na maji yakaishia ndani ya maji, na sababu mojawapo ni mchanga wa mito ya Tegeta na Mbezi kuchotwa kujengea nyumba zenu, mto ukawa hauna cha kuipelekea bahari. Leo uchote tena uje kumwaga Coco? Una udongo ule, bamvua mbili tatu za kusi umeshaondoka wote, na tope lake limewafunika samaki kwenye matumbawe. Mchanga wa pale uokotwe uchafu, ule wenyewe uachwe.

MAMA MUHOGO:
Wanangu mimi nauza pale, naomba nisikilizwe maana naona mkaa tumesemwa. Ni kweli unamwagwa, na mimi nimeona mtoto kaungua unyayo, inauma. Lakini mkaa tuupeleke wapi saa sita usiku, pipa la plastiki unaliyeyusha. Tuwekewe mapipa ya chuma, hata manne tu, tutakamatana wenyewe kwa wenyewe. Na mtu akizama sisi ndo wa kwanza kukimbia, si askari si nani. Kijana jirani yangu anamtoa mtu kwa dumu la mafuta la lita 20 tupu lililofungwa kamba, analirusha mtu analishika, yeye haingii, maana aliyezama anakukumbatia mnakwenda wote. Hiyo kamba kanunua kwa hela yake.

MTU WA MBAGALA:
Huyo kijana alipwe jamani. Mnatafuta waokoaji wakati wapo.

MLETA MADA:
Mama asante, umeongea kuliko sisi wote. Basi nibadilishe swali kidogo: tuache geti. Kuna ushuru wa mabanda na hela ya maegesho pale, inakusanywa tayari. Ikitengwa sehemu ya hiyo tu, mapipa ya chuma, kibao cha maji, bendera, madumu na kamba kila baada ya mabanda kadhaa, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe kubwa, vijana wa Msasani wafundishwe huduma ya kwanza walipwe posho wikiendi na sikukuu, kuanzia Idd ndogo inayokuja. Mkazi wa Tegeta, bado unataka geti?

MKAZI WA TEGETA:
Bado nalitaka. Onyesha kwanza hiyo hela ya maegesho huwa inaenda wapi, ukinionyesha nakunja mkeka naondoka.

MDAU WA UPANGA:
Na mimi niko hapo hapo nasubiri. Mwenye risiti ya mapato na matumizi ya pale aiweke.