Soul za sahani ndogo na vijarida vyake: nianzie wapi nikiwa Mbeya?

Mwanjelwa45 ameuliza:

Wakuu heshima kwenu. Nina kreti moja ya santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, karibu zote ni soul (muziki wa Wamarekani weusi) ya miaka ya 60 na 70, zilizouzwa kwa jumla hapa Mbeya pamoja na bunda la vijarida vya mashabiki kutoka Uingereza, vile vya kubanwa kwa pini katikati. Kwenye lebo nimeona Tamla Motown, Stateside na Atlantic. Kuna zilizoandikwa Nairobi na chache za Ndola. Nyingine zina tundu dogo, nyingine tundu kubwa kama la kupitisha vidole viwili. Nyingi zina ukungu mweupe.

Naomba kujua ipi ni adimu na ipi ni ya kawaida, ukungu unatokaje bila kuharibu, na pleya ya Marekani ya volti 110 ikiunganishwa na transfoma itafaa? Halafu vile vijarida, vina kazi yoyote au ni makaratasi tu? Nawasilisha.

Gangilonga_B:

Kamwene mkuu. Usianze na jina la mwimbaji, anza na sahani yenyewe. Washa tochi ya simu, ilaze karibu usawa wa sahani, usome ule ukingo mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Pale pana namba zilizochongwa au kugongwa kwa muhuri, na ndizo zinazosema ukweli. Lebo inaweza kuchapwa upya na tapeli yeyote mwenye mashine nzuri.

Mifano. Ukikuta pembetatu ndogo ikifuatwa na namba, hiyo ni kazi ya Los Angeles, mara nyingi kiwanda cha Monarch. Herufi ARP ni kiwanda cha Owosso, Michigan, kilichofyatua sahani nyingi za Motown kabla hakijaungua mwaka 1972. Namba zinazoanza na ZTSC ni kazi ya viwanda vya Columbia. Zilizofyatuliwa na RCA kwa oda ya lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za muziki, hubeba mwaka kwenye herufi ya kwanza ya namba: S ni 1965, T ni 1966. Kwa hiyo sahani inayodaiwa kuwa ya 1966, iliyoandikwa mkono kwa chuma kinachotetema mahali ambapo za asili zina muhuri, itilie shaka.

Feki nyingi zilifyatuliwa Uingereza miaka ya 70, kwa sababu ya kumbi za dansi za kaskazini: Twisted Wheel kule Manchester, Golden Torch, Blackpool Mecca, halafu Wigan Casino iliyofunguliwa Septemba 1973 na kufungwa Desemba 1981. Jina la Northern Soul, yaani soul iliyopendwa kwenye kumbi hizo, lilitolewa na mwandishi Dave Godin kwenye jarida la Blues & Soul mwaka 1970. Wachezaji wa kule walitaka nyimbo za kasi zilizododa Marekani. Na wimbo uliododa maana yake nakala chache, ndipo bei inapozaliwa. Frank Wilson aliimba wimbo mmoja mwaka 1965 kwa lebo ya Soul, tawi la Motown. Nakala za asili zinazojulikana zinahesabika kwa vidole, na moja iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Ma-DJ walibandika karatasi juu ya lebo na kutunga jina la uongo ili wenzao wasiitafute sahani hiyo. Huo wa Wilson ulizunguka kwa jina la Eddie Foster.

Sasa nikuambie ukweli: kwenye kreti la Mwanjelwa hutapata hiyo. Tamla Motown ya Uingereza ilianza Machi 1965 na namba TMG 501, na zile za vikundi kama Supremes na Four Tops ziliuzwa kwa maelfu. Ni nzuri kusikiliza, siyo za kujengea nyumba. Weka akili kwenye zile za Nairobi na Ndola. Hizo Waingereza hawakuziandika sawasawa, na wewe unazo mkononi.

Uyole_Sindano:

Naomba nijibu ya pleya kwanza maana ndiyo itakayokula hela yako bure.

Transfoma inashusha volti, haigusi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Umeme wetu ni hezi 50, wa Marekani ni 60. Pleya nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi, kwa hiyo hapa itazunguka kwa asilimia 83 tu ya kasi yake. Sahani ya 45 itazunguka 37.5, na ya 33⅓ itakwenda 27.8. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanaume mwenye usingizi. Dawa ni kubadilisha puli ya mota, iwe na kipenyo kilichozidi cha zamani mara 1.2, au kununua pleya iliyotengenezewa soko la Ulaya. Zenye mota ya DC au kwatsi hazina shida hiyo, transfoma inazitosha. Na ukitumia jenereta, hezi zikiyumba mota ya kizamani inayumba nazo.

Sindano: radiogramu za zamani zina kichwa cha kauri kinachokandamiza gramu 5 hadi 8. Zilitengenezwa hivyo, lakini sindano ikishachakaa inakwangua mfereji kama tindo. Tafuta kichwa cha sumaku chenye ncha ya duara ya 0.018 mm, uzito wa gramu 2.5 hadi 3.5 kufuatana na maelekezo ya kichwa chenyewe. Kwa sahani za mono (sauti ya njia moja) zilizochoka ncha ya 0.025 mm inasaidia, maana inakaa juu zaidi ya pale ilipopita iliyoharibu. Kupima uzito tumia ule mzani mdogo wa dhahabu, Chunya haukosekani. Ila sindano iwe kwenye usawa ule ule wa sahani inapopigwa. Ukipima juu ya mzani mnene, unapata namba ya uongo.

Tundu kubwa ni la Kimarekani, milimita 38. Fundi wa kukereza anakutengenezea kitovu cha nailoni: kipenyo cha nje 38, tundu la kati 7.3. Mwambie tundu likae katikati kabisa. Likikosea hata nusu milimita sauti inayumba, hasa kwenye nyimbo zilizo karibu na lebo. Sahani za Uingereza zilizotolewa kitovu mara nyingi zilipita kwenye jukiboksi, zitazame vizuri kwa mikwaruzo.

Mwanjelwa45:

Shukrani sana wakuu. Nimesoma ukingo kama Gangilonga alivyoelekeza. Kuna moja ya Marekani ina pembetatu na namba. Nikiigonga kwa kucha inalia *ting* kama kikombe, na ni ngumu haipindi. Lebo inaonekana imegundishwa juu. Nyingine zinalia *dup*. Tofauti ni nini, na niioshe vipi?

Uyole_Sindano:

Hiyo ya *ting* ni stairini, siyo vinaili; zote ni aina za plastiki. Vinaili hukandamizwa pamoja na lebo, stairini humiminwa kwenye chuma kisha lebo inagundishwa. Ndiyo maana ukiiloweka lebo inabanduka. Mfereji wake pia unakufa haraka. DJ akirudisha sahani nyuma kutafuta mwanzo wa wimbo, sekunde za mwanzo zinabaki na mchakacho usiotoka kwa kuosha. Ukisikia *shhh* mwanzoni halafu inasafika, ndiyo hiyo.

Kuosha. Peleka nje kwanza, vaa barakoa, usipanguse ukungu ukiwa mkavu maana unausambaza kwenye sahani nyingine. Maji yawe ya betri, yale yasiyo na tindikali. Soma chupa mara mbili, kwa sababu dukani maji na asidi vinakaa rafu moja. Maji ya bomba yana chokaa, yakikauka yanaacha mchanga mfereji mzima.

Kwa vinaili: maji mililita 800, isopropili (aina ya spiriti) mililita 200, matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Spiriti ya kidonda usitumie, nyingi ina mafuta. Vitakasa mikono vina gliserini, navyo acha. Pangusa kwa brashi laini kufuata mzunguko wa mfereji, usikate. Acha dakika mbili ukungu ulainike, rudia, halafu suuza kwa maji matupu ya betri. Mara ya pili ya kusuuza ndiyo watu wanairuka, na sabuni iliyobaki ndiyo inayonata vumbi la Septemba.

Kwa stairini: maji na sabuni tu, bila isopropili, na usiiloweke, tumia kitambaa chenye unyevu, lebo ibaki kavu. Na ukikuta ile nzito ya mizunguko 78, usithubutu kuigusa kwa spiriti ya aina yoyote. Ni shelaki, inayeyuka.

Zisimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la saa saba likipita dirishani linapinda sahani hata kama nje kuna baridi ya Juni.

Gangilonga_B:

Naongeza kidogo. Tundu dogo lililotobolewa kwenye lebo siyo uharibifu wa watoto. Kampuni za Marekani zilitoboa mabaki ya ghala ili yauzwe bei ya chini. Thamani inapungua lakini sahani ni halali.

Na ukitaka kuuziana na watu wa nje, jua kwamba madaraja ya hali hayafanani. EX (bora sana) ya Muingereza ni karibu na VG+ (nzuri sana na zaidi) ya Mmarekani. VG ya pande zote mbili ina kelele. Mzigo ukija kwako, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, juu yake kuna tathmini ya forodha, kwa hiyo mwombe muuzaji aandike bei halisi na abandike risiti nje.

Tukuyu_Chai:

Ugonile kaka. Mimi nizungumzie vijarida, naona wanaume wameshikilia sindano tu.

Hayo siyo makaratasi tu. Majina ya uongo ya ma-DJ yaliumbuliwa humo. Humo pia mna orodha kamili za lebo ndogo kama Shrine ya Washington au Mirwood ya Los Angeles, na mahojiano na waimbaji ambao hakuna gazeti kubwa lililowatafuta. Godin alianza na Hitsville U.S.A., kijarida cha klabu ya mashabiki wa Motown, kabla Motown haijapata lebo yake Uingereza. Vingi vilitolewa nakala chache tu, kwa saiklostaili kama mitihani yetu ya zamani, kisha fotokopi.

Tarehe hazikuandikwa mara nyingi, lakini zinapatikana. Bei ikiwa ya shilingi na peni, ni kabla ya tarehe 15 Februari 1971. Tazama namba za simu kwenye matangazo: London ikiwa 01 ni kabla ya Mei 1990, ikiwa 071 au 081 ni kati ya hapo na Aprili 1995, na 0171 ni baada yake. Manchester vilevile, 061 iligeuka 0161 mwaka huo wa 1995. Hapo umeshakibana kijarida kwenye miaka michache bila kubahatisha.

Kwanza toa pini. Kwa unyevu wa huku Rungwe pini inakuwa kutu na kutu inakula karatasi. Fungua kijarida katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, igeuze, sukuma itoke kwa nje. Usivute kwa nguvu, karatasi itakuja nayo. Shona upya kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Kisha weka kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya boksi lililonyanyuliwa sakafuni, na vipakiti vya silika vile vya kwenye viatu. Plastiki laini za PVC acha, zinatoa mafuta yanayofifisha wino na hata sahani.

Picha: maandishi yaskeni kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), kurasa zenye picha za nukta dpi 600. Kama una simu tu, weka taa mbili pembeni kwa nyuzi 45 na simu iwe sambamba na ukurasa. Kabla hujarusha mtandaoni, ziba anwani za nyumbani za watu kwenye orodha za kutafuta sahani. Na usirushe kijarida kizima bila ruhusa, wengi wa watoaji wako hai.

Mwanjelwa45:

Dada umenifungua macho. Makava ya sahani je? Mengi yameoza, na mifuko ya nailoni siku hizi ni kesi.

Tukuyu_Chai:

Tengeneza. Karatasi moja ya A3 inatoa kava moja. Kata sentimita 37 kwa 21.5. Kunja katikati ya ile 37, upate pande mbili za 18.5. Upande mmoja punguza sentimita 1.5 kila ubavu, ule mwingine uache na masikio. Kunja masikio yaje nje, gundi iwe nje, ili tuta la gundi lisiguse sahani. Zisimamishe wima, usizirundike.

Gangilonga_B:

Sasa turudi kwenye Nairobi na Ndola, maana hapo ndipo kreti lako lina maneno. Sahani nyingi zilizouzwa Tanzania zilifyatuliwa Nairobi. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa hadi 1983. Lakini reli ya TAZARA ilikuwa imeshaanza kazi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi ikipitia Mbeya, na Ndola, Zambia, kulikuwa na kiwanda cha santuri cha Teal. Kwa hiyo Ndola kuonekana Mbeya siyo ajabu, ajabu ni kwamba hazijaorodheshwa sawasawa. Kumbuka pia kwamba Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Sahani zilizokuwa zimeshaingia majumbani hazikuondoka.

Bendi zetu nazo ziangalie. Sunburst ya Dar ilirekodi LP (santuri kubwa) yake Zambia mwaka 1976. Ikarudishwa sokoni na kampuni ya Strut ya London mwaka 2016. Kitu cha namna hiyo kikiwa cha asili usikiuze kwa bei ya mitumba.

Kila sahani iandikie mstari mmoja: kampuni, namba ya lebo, namba ya ukingoni pande zote mbili, mahali ilipofyatuliwa kama ilivyoandikwa, rangi ya lebo, tundu, hali, maandishi ya mkono. Muhuri wa duka usiufute kamwe, hata kama unachafua lebo. Duka la Mbeya au Iringa likisomeka pale, umepata ushahidi wa njia sahani iliyopita.

Tukuyu_Chai:

Na orodha hiyo itoe kijarida. Kurasa 20 za A5 ni karatasi 5 za A4 pande zote mbili, ndiyo maana idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Karatasi ya nje ina 20 na 1 upande mmoja, 2 na 19 mgongoni. Inayofuata 18 na 3, kisha 4 na 17. Ya katikati kabisa 12 na 9, mgongoni 10 na 11. Kila upande jumla lazima iwe 21; isipokuwa 21 umekosea kupanga. Karatasi gramu 80 inatosha. Steshenari mwambie mashine igeuze kwa ubavu mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Achapishe moja kwanza, uikunje uone, ndipo atoe zilizobaki.

Mwanjelwa45:

Sawa. Naanza na za Ndola, ziko 14. Nitaweka hapa namba za ukingoni pamoja na picha za lebo, mwenye nyingine aongeze.