Kuahirisha hedhi safari ya Umra: nianze vidonge lini, ninunue vingapi?

Mtoa mada
Assalaam alaykum wapendwa. Naondoka Dar kwenda Umra tarehe 14 Oktoba, narudi 25. Hedhi ya mwisho ilianza 18 Septemba, na mizunguko mitatu iliyopita ilikuwa ya siku 28, 30 na 27. Situmii uzazi wa mpango wowote. Duka la dawa wamenitajia norethisteroni, wakasema nianze siku moja kabla ya hedhi. Inatosha kweli? Sitaki kukosa tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, kwa sababu ya hedhi.

Mfamasia_Tanga
Waalaykum salaam dada. Siku moja haitoshi. Damu hutoka kwa sababu projesteroni ya mwili imeshuka na ukuta wa mji wa mimba unabomoka. Kidonge kinashika nafasi ya homoni hiyo ili ukuta usimame, lakini ukishaanza kubomoka hakiurudishi. Ndiyo maana tunaanza siku 3 kabla.

Hesabu kwa mzunguko wako mfupi kuliko yote, siyo wa wastani. Siku 27 kutoka 18 Septemba ni 15 Oktoba, kwa hiyo unaanza tarehe 12, ungali nyumbani.

Dozi ni miligramu 5 mara 3 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Saa za Makka ni sawa na za kwetu, hivyo alamu ya simu usiiguse. Geuza karatasi ya vidonge usome: lazima iwe 5 mg. Kuna vidonge vya uzazi wa mpango vyenye norethisteroni hiyohiyo lakini miligramu 0.35 tu, hivyo havifanyi kazi hii.

Mkunga_mstaafu
Kabla ya kununua chochote, mwanangu, nenda kwa daktari. Kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, una ugonjwa wa ini, umewahi kuwa na saratani ya titi, unatokwa damu isiyojulikana chanzo, au huenda una mimba, dawa hii si yako. Mwambie pia ukivuta sigara, ukiwa na uzito mkubwa, au kama umefanyiwa upasuaji karibuni. Sehemu ya norethisteroni hugeuka kuwa estrojeni mwilini, na kwa dozi hii hatari ya damu kuganda inapanda. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huipunguza nguvu, kwa hiyo zitaje.

Kwenye ndege inuka utembee, kunywa maji.

Ummu_Z
Je, mimi ninayetumia vidonge vya majira?

Mfamasia_Tanga
Kama ni vya homoni mbili, pakiti ya 28, huhitaji norethisteroni. Ukimaliza vile 21 vya homoni, ruka vile 7 vya kahawia vya madini ya chuma, kesho yake anza pakiti mpya. Vya homoni moja, wanavyopewa wanaonyonyesha, havina siku za kupumzika, hivyo kuunganisha pakiti hakusaidii. Hapo zungumza na daktari.

Mtoa mada
Nashukuru sana. Ninunue vingapi? Na nikiona matone ya damu huko?

Mfamasia_Tanga
Si lazima umeze mpaka urudi. Ukiacha, damu huja baada ya siku 2 hadi 3. Tawafu yako ya mwisho ikiwa tarehe 23, meza mpaka siku hiyo: siku 12 mara 3 ni vidonge 36. Chukua 42 kwa ajili ya kuchelewa kwa safari, ila usipite siku 14 bila daktari kukuruhusu. Vibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

Matone mara nyingi yanatokana na dozi iliyorukwa. Ukisahau, meza ukikumbuka, kisha rudi kwenye saa zako. Usimeze viwili kwa pamoja.

Mkunga_mstaafu
Matiti kuuma, tumbo kujaa, kichefuchefu na kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi zikikata, macho yakififia ghafla au yakigeuka manjano, acha dawa papo hapo uende hospitali, hata kama tawafu imebaki.

Na haizuii mimba. Zikipita siku 7 tangu uache na damu haijaja, pima mkojo.